Mistari Isiyokuwamo Kifuani: Skrini Kubwa, Simu na Usomaji wa Eksirei Unguja

Imekuwa desturi katika vituo vya afya vya Afrika Mashariki, na Unguja haikubaki nyuma: picha ya eksirei hupigwa kwa mashine ya kidijitali, hutokea kwenye skrini ya kompyuta, kisha mhudumu huinua simu yake ya mkononi, huipiga picha ile skrini na kuituma kwa WhatsApp kwa daktari aliye mjini, au aliye Dar es Salaam ng'ambo ya bahari. Jibu hurudi kabla chai haijapoa. Kwa mgonjwa aliyepanda daladala tangu alfajiri kutoka shamba, jambo hilo ni neema, na si haki kulibeza.

Hata hivyo, kinachofika kwenye simu ya daktari aghalabu si kile kilichokuwa kwenye skrini. Juu ya mapafu hutanda mawimbi ya rangi, mekundu kidogo hapa na ya kijani pale, mfano wa mafuta ya mashua yanayoelea juu ya maji ya bandari ya Malindi. Pengine hakuna rangi, ila mistari myembamba ya kijivu iliyopinda, inayopita juu ya mbavu, juu ya moyo, na kuendelea hadi nje ya mwili, mahali penye hewa tupu. Daktari mzoefu huizoea mistari hiyo kama mtu anavyozoea ngurumo ya jenereta ya jirani. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa kuwa jicho lililojifunza kupuuza mistari ya uongo linaweza kuipuuza na ya kweli.

Makala haya yanashikilia hoja moja. Picha ya simu iliyopigwa juu ya skrini inaweza kuthibitisha ugonjwa ulio dhahiri, lakini haina haki ya kukanusha ugonjwa uliojificha. Na skrini kubwa ya ukutani isiyo na vitone vya kutosha ina upungufu uleule, ingawa imevaa joho la kitaalamu.

Chanzo cha mistari hii hakina siri yoyote, wala si ubovu wa simu. Kila nyumba yenye chandarua inaweza kuishuhudia. Chandarua kikikunjwa mara mbili na kutazamwa dhidi ya mwanga wa dirisha, hutokea mabaka na mawimbi makubwa ambayo hayamo katika tabaka lolote kati ya hayo mawili. Tabaka moja likivutwa kidogo, mawimbi hukimbia mbio kuliko kitambaa chenyewe. Mtu apitaye chini ya roshani za Mji Mkongwe, kwa mfano zile za Zahanati ya Kale kule ufukweni, jengo lililoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887 na kukamilika mwaka 1894, anaweza kuona jambo la namna hiyo kila nakshi zilizotobolewa za ukingo mmoja zinapotazamwa kupitia za ukingo mwingine: huibuka umbo la tatu ambalo fundi hakulichonga. Wataalamu huliita umbo hilo muare, jina lililotoka Ufaransa, lilikotumika kwa hariri yenye mng'ao wa mawimbi.

Skrini nayo ni chandarua. Imefumwa kwa vitone vidogo, yaani pikseli, vilivyopangwa safu kwa safu, na kila kitone kina vijisehemu vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Kamera ya simu ina chandarua chake pia, cha vihisi vya mwanga vilivyofunikwa kwa vichujio vya rangi hizohizo tatu. Chandarua kimoja kikimtazama mwenzake, na vipimo vya matundu yao vikikaribiana pasipo kulingana, muare huzaliwa. Kwa kuwa vyote viwili vina rangi, muare nao huja na rangi zake.

Madaktari waliosoma zama za filamu, waliokuwa wakiitoa filamu kwenye bahasha kubwa ya kaki na kuiinua dirishani, hawakusumbuliwa namna hii. Filamu haina safu. Chembe zake za fedha zimetawanyika ovyo, na ovyo huo ulikuwa kinga, maana muare huhitaji mipangilio miwili inayokutana. Jicho la binadamu nalo limejaaliwa kinga inayofanana na hiyo. Mwaka 1983 mtafiti John Yellott alionesha, kwa kuchunguza retina ya nyani aina ya rhesus, kwamba nje ya kitovu cha uoni seli zinazopokea mwanga hazikupangwa kwa safu kamili, na kwamba kutopangika huko hugeuza kile ambacho kingekuwa mistari ya uongo kuwa chengachenga hafifu zisizomdanganya mtu. Kamera haikupewa fadhila hiyo.

Yote haya yangekuwa mambo ya mafundi wa picha lau ugonjwa nao usingekuwa na vipimo vilevile. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka ya 2021 hadi 2025 iliiweka Tanzania miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Kifua kikuu kilichosambaa kwa njia ya damu huonekana katika eksirei kama punje za milimita 1 hadi 3 zilizotapakaa mapafu yote mawili, mithili ya uwele uliomwagwa juu ya mkeka. Hata jina lake la kitabibu limetokana na nafaka ya jamii hiyo. Moyo unaposhindwa kazi, dalili mojawapo ya mapema ni vistari vifupi vya mlalo pembezoni mwa mapafu, visivyozidi takribani sentimita 2, ambavyo Peter Kerley alivieleza mwaka 1933. Hewa iliyovuja nje ya pafu hujulikana kwa uzi mmoja mwembamba. Ufa wa kijifupa cha kifundo cha mkono, kwa kijana aliyeanguka na bodaboda, pengine ni unywele tu.

Muare hucheza katika uwanja huohuo wa milimita. Kwa hiyo hukosesha pande mbili. Huweza kufunika punje zilizopo, na mgonjwa akaambiwa mapafu yake ni safi, akarudi nyumbani kulala chumba kimoja na wajukuu. Huweza pia kuiga punje zisizokuwapo, na mtu akaanzishiwa dawa za miezi 6 kwa ugonjwa ambao hana, pamoja na unyanyapaa wake wote. Kosa la kwanza ndilo baya zaidi, na ndilo lisiloacha alama, kwa sababu hakuna anayerudi kuitafuta picha ambayo ilisemwa haina kitu.

Suala la skrini kubwa linastahili kuangaliwa kwa namba, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wafadhili na viongozi hupenda kukabidhi skrini kubwa. Hupendeza katika picha za magazeti. Lakini runinga ya inchi 55 yenye kiwango cha kawaida cha vitone 1,920 kwa 1,080 ina vitone takribani milioni 2 tu, sawasawa na skrini ya mezani ya inchi 24 yenye kiwango hicho. Tofauti ni kwamba vimenyooshwa. Katika ile ya inchi 24, umbali kati ya kitone na kitone ni kama milimita 0.28, katika ile ya inchi 55 ni milimita 0.63. Mwongozo unaotumiwa na vyama vya radiolojia vya Marekani unataka umbali huo usizidi milimita 0.21 kwa skrini ya kusomea picha za uchunguzi. Skrini ya inchi 27 yenye vitone 3,840 kwa 2,160 hufikia milimita 0.16, nayo huenea juu ya meza ya kawaida. Ukubwa wa kioo humsaidia anayefundisha darasa la wanafunzi thelathini. Msomaji wa picha anahitaji wingi wa vitone.

Sasa ilinganishwe na picha yenyewe. Picha ya kifua ya sentimita 35 kwa 43, iliyochukuliwa kwa kitone kimoja kila milimita 0.1, ina vitone 3,500 kwa 4,300, yaani takribani milioni 15. Ili urefu wake wote uenee katika vitone 1,080 vya skrini, kila vitone vinne vya picha lazima viingie katika kimoja. Kwa urefu na upana, ni 16 ndani ya kimoja. Programu nzuri huvichanganya vyote 16 kwa uangalifu kabla ya kuvipunguza. Programu ya haraka huchukua kimoja na kuvitupa 15, na hapo huzaa muare usiohusiana na simu kabisa.

Mara nyingi chandarua cha tatu kimo ndani ya chumba cha eksirei chenyewe. Ni gridi, kifaa kilichobuniwa na Gustav Bucky mwaka 1913, chenye vipande vyembamba vya risasi vinavyozuia mionzi iliyotawanyika isiitie picha ukungu. Gridi yenye vipande 40 kwa sentimita huacha mistari 4 katika kila milimita. Kanuni ni nyepesi: ili mistari 4 ionekane kwa uaminifu, vinahitajika vitone zaidi ya 8 katika milimita hiyo. Mashine inayochukua vitone 10 kwa milimita inaikamata mistari hiyo kama ilivyo, myembamba na isiyosumbua. Programu ikishatupa vitone vitatu katika kila vinne, hubaki vitone 2.5 kwa milimita. Mistari 4 haiwezi kukaa humo, nayo hujitokeza tena kwa umbo la uongo, kama mstari mmoja mnene kwa kila milimita ya kifua. Ni karibu na ukubwa wa punje za uwele zilizotajwa hapo juu.

Njia ya kuutambua uongo huo haigharimu kitu. Picha ikuzwe mpaka kitone kimoja cha picha kikae katika kitone kimoja cha skrini, kisha isogezwe sehemu kwa sehemu. Mistari ikitoweka au kubadili mkao kila picha inapokuzwa, asili yake ni skrini. Punje ya ugonjwa haiondoki, inakua tu. Mistari inayovuka ngozi na kuendelea hewani nayo imejifichua yenyewe, maana hakuna ugonjwa wa mapafu unaoishi nje ya mapafu.

Mistari ikibaki vilevile hata baada ya kukuza, basi imeingia wakati wa kupiga picha, na tiba yake ni nyingine: gridi yenye mistari mingi zaidi kwa sentimita, au gridi inayotikisika wakati wa mionzi, au, kwa vituo vinavyotumia kaseti zinazosomwa kwa leza, kuhakikisha mistari ya gridi hailali sambamba na mistari ya leza. Kwa kifua cha mtoto mchanga gridi yenyewe kwa kawaida haihitajiki, na kuiondoa humpunguzia mtoto mionzi. Jambo ambalo halikubaliki ni kumrudisha mgonjwa chini ya mionzi kwa sababu ya mistari iliyozaliwa kwenye skrini. Dozi ya eksirei moja ya kifua ni ndogo, ni kweli, lakini mama mjamzito aliyepigwa mara tatu kwa kosa la kioo ana haki ya kuuliza kwa nini, na jibu la haki halipo.

Yapo pia mambo madogo ambayo fundi yeyote anaweza kuyamaliza kwa dakika kumi. Waya wa zamani wa analojia unaounganisha kompyuta na skrini kubwa huweza kuleta michirizi ya wima inayotetemeka. Waya wa kidijitali huiondoa. Hewa ya chumvi ya Mji Mkongwe hula vichwa vya waya, kwa hiyo vikaguliwe. Runinga nyingi hukuza picha kidogo ili kingo zisionekane, tabia inayofaa kwa mpira wa miguu na isiyofaa kwa mbavu. Mipangilio ibadilishwe ili kila kitone kikae mahali pake, na kompyuta itoe idadi ileile ya vitone iliyo nayo skrini. Dirisha linalotazama bahari lifungwe pazia jua la alasiri linaposhuka. Skrini ya kusomea inatakiwa kufikia mwangaza wa angalau kandela 350 kwa mita ya mraba, na kiwango hicho hakina maana yoyote ikiwa kioo kinaakisi mawingu.

Watasema wahudumu wa mashamba, na watakuwa na hoja, kwamba wataalamu wa radiolojia ni wachache, mtandao ni dhaifu, na mgonjwa aliyevunjika paja hawezi kungoja kompyuta ipatane na kompyuta. Ni sawa. Paja lililovunjika vipande viwili huonekana hata kwa simu yenye ufa. Pafu lililosinyaa lote huonekana. Picha ya simu imeokoa watu na itaendelea kuokoa. Kinachopingwa hapa ni hatua ya pili, ambayo hufanyika kimyakimya: neno «hamna kitu» lililoandikwa na daktari kwenye simu kugeuka kuwa ripoti katika faili la mgonjwa. Jibu lililotokana na picha ya simu liandikwe hivyo, kwamba lilisomwa kwa simu, na kwamba ugonjwa wa punje ndogo, maji ya mapema ya mapafu na nyufa za unywele havijakanushwa. Sentensi moja hiyo humfanya mhudumu wa zamu inayofuata asilale usingizi wa bure.

Simu inapokuwa ndiyo njia pekee, ipo adabu yake. Mpigaji asogee nyuma kidogo, ainamishe simu kidogo kutoka mkao wa kukabili, na apige mara mbili kwa umbali tofauti. Msomaji akizilinganisha picha hizo mbili, kilichohama ni muare na kilichotulia ni cha mgonjwa. Sehemu yenye shaka ikuzwe kwanza kwenye skrini kabla ya kupigwa. Jina na namba ya mgonjwa visiwemo, na kundi la watu hamsini si mahali pa kuuliza.

Lakini njia iliyo bora mara nyingi iko palepale mezani na haitumiwi. Programu ya eksirei huweza kuitoa picha kama faili, ama katika mfumo wa DICOM ama kama picha ya kawaida, na faili hilo likatumwa kama hati badala ya kama picha, ili WhatsApp isilibane. Simu inapobana picha huigawa katika miraba ya vitone 8 kwa 8 na kupunguza kilichomo, nayo ni chandarua kingine tena. Faili la DICOM huhifadhi kwa kawaida viwango 4,096 vya weusi na weupe, ambapo picha ya simu hubakiwa na 256. Daktari aliyepokea faili asili anaweza kubadilisha mwangaza, akatazama nyuma ya moyo, akakuza ncha za mapafu ambako kifua kikuu hupenda kukaa. Aliyepokea picha ya skrini hupewa kile tu ambacho mpigaji alikuwa akikiona.

Wanaonunua vifaa wanaweza kusaidia kuliko wanavyodhani. Mkataba wa skrini utaje idadi ya vitone, umbali kati yao, na mwangaza, kabla ya kutaja inchi. Siku ya kuipokea, kielelezo cha majaribio kifunguliwe mbele ya muuzaji: kile cha SMPTE, au kile cha TG18 kilichochapishwa mwaka 2005 na wanafizikia tiba wa Marekani, ambavyo vina mistari myembamba ya kupimia na miraba ya kijivu inayokaribiana. Mistari ikionekana imetengana vyema katikati na pembeni, na mraba wa asilimia 5 ukionekana ndani ya ule mweusi kabisa, skrini inapokewa. Isipoonekana, inarudi dukani. Kisha kielelezo hichohicho kifunguliwe kila mwezi na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina lake katika daftari la idara.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Anapoambiwa kwamba picha yake imepelekwa kwa mtaalamu, anaweza kuuliza kwa upole: «Dokta, imekwenda picha yenyewe au ya simu?» Anaweza kuomba faili lake katika diski au flashi, hasa anapopewa rufaa, na asichukue karatasi iliyochapishwa kwa printa ya ofisi akadhani ndiyo eksirei. Na kikohozi kikiendelea wiki mbili au zaidi, homa za usiku zisipokatika na nguo zikizidi kumlegea, arudi kituoni hata kama alikwishaambiwa kifua hakina kitu, atoe makohozi yapimwe, na aombe picha isomwe upya kutoka faili lake asili.